Mkaa, gesi au umeme: sufuria yako inapata kiasi gani?

Asubuhi pale soko la Mgandini swali ni moja: mkaa kopo shilingi ngapi leo? Kwa wakala wa gesi watu huuliza mtungi mdogo unajazwa kwa bei gani, na mwenye mita ya LUKU anataka kujua elfu tano inatoa uniti ngapi. Yote hayo ni maswali ya kununua. Sufuria imepata ngapi, hakuna anayeuliza, na hela nyingi za jikoni hapa Tanga zinaishia katikati ya maswali hayo mawili.

Nimelinganisha mkaa, gesi na umeme kwa kipimo kimoja cha nishati, jouli, ili anayetaka kuchagua jiko achague kwa hesabu. Matangazo ya kila upande yamekwisha kutuambia kwamba jiko lao ndilo nafuu.

Kipimo kimoja kwa vyote

Jouli yenyewe ni ndogo mno, kwa hiyo jikoni tunahesabu kwa megajouli, yaani jouli milioni moja. Uniti moja ya umeme ni megajouli 3.6 kamili. Kilo ya gesi ya mtungini ina megajouli 46 hivi. Kilo ya mkaa mzuri mkavu ina kama 30, na kuni zilizokaa juani zikakauka zina kama 16. Kuni mbichi hushuka sana, kwa sababu sehemu ya moto inafanya kazi ya kukausha maji yaliyomo ndani ya kuni zenyewe, na moshi wake kila mtu anaujua.

Nishati ya mkaa, kuni na gesi ni ya kikemikali, imehifadhiwa ndani ya vitu hivyo mpaka hewa na moto viikute. Ya umeme inakufikia ikiwa safarini, na lazima uitumie papo hapo. Ila zote zinatii kanuni moja: nishati haiumbwi wala haiteketei, inabadilika umbo na kuhama. Mmoja wa walioiona kanuni hii mapema alikuwa daktari wa melini, Mjerumani Julius Robert Mayer, aliyefika Java mwaka 1840 na meli ya Kiholanzi. Alipowatoa mabaharia damu, akaona ile inayorudi moyoni ni nyekundu kuliko alivyoizoea kwao. Akawaza kwamba kwenye nchi ya joto mwili hauhitaji kuunguza chakula kingi ili ubaki na joto lake, na mwaka 1842 akaandika kuhusu nguvu na joto kugeuziana. Miaka hiyohiyo James Joule, Mwingereza, alikuwa akipima: mzigo unaoshuka unazungusha makasia ndani ya maji, na maji yanapata joto. Kaskazi ya Januari ingemfundisha Mayer somo lile bila kumchoma mtu sindano, lakini tumshukuru.

Kwa mpishi, maana yake ni hii. Mkaa ukiisha bila maharage kuiva, zile megajouli hazijapotea. Ziko mahali, na unaweza kuzifuata.

Chungu cha maharage

Tuchukue nusu kilo ya maharage na lita 2 za maji. Maji ya bomba letu yanaanza kwenye nyuzi 27 hivi. Kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji kilojouli 4.2, kwa hiyo kuzitoa lita 2 kwenye 27 hadi 100 ni 4.2 mara 2 mara 73: kilojouli 613. Ongeza maharage yenyewe na sufuria ya alumini, weka 700. Ni megajouli 0.7 tu. Kama joto lote la mkaa lingeingia sufuriani, gramu 23 zingetosha.

Baada ya hapo ndipo wapishi wengi tunapopigwa. Maji yakishachemka, hapa usawa wa bahari, hayapiti nyuzi 100 hata uchochee vipi. Moto unaouongeza unakwenda kugeuza maji kuwa mvuke, na kazi hiyo inakula kilojouli 2,260 kwa kila lita. Iweke kando ya zile 613: lita moja ikitoka kama mvuke, imebeba zaidi ya mara tatu na nusu ya joto lililozichemsha lita zote mbili. Maharage hayajali fujo za maji. Yanachotaka ni kukaa kwenye nyuzi 100 kwa muda wake, na kukaa hapo hakudai moto mwingi, kunadai kufidia tu joto linalotoka pembeni. Mfuniko mzito na moto mdogo, kwa jiko lolote lile, vinaokoa zaidi ya kubadilisha jiko huku tabia ikibaki ileile. Kuloweka usiku kucha nako kunapunguza saa za motoni.

Jiko la presha linavunja ule mpaka wa nyuzi 100. Mvuke ukifungiwa, shinikizo linapanda na maji yanafika nyuzi 115 hivi kabla ya kutulia, maharage yanalainika kwa sehemu ya muda wa kawaida, na mvuke hautoki kwenda kupasha dari.

Mkaa: unalipa 30, unapata 6

Jiko la kawaida la bati linapeleka sufuriani kama asilimia 20 ya joto la mkaa. Kilo moja ina megajouli 30. 6 zinaingia kwenye chakula, na 24 zinakwenda kwingine: kwenye bati lenyewe, kwenye hewa inayopanda pembeni mwa sufuria, kwenye sakafu, na kwenye uso wako. Ukiiunguza kilo hiyo kwa saa mbili, joto linalobaki chumbani ni sawa na pasi tatu za umeme za wati 1,000 zilizoachwa zikiwaka muda wote. Anayepikia ndani ya chumba Makorora au Mabawa mwezi wa Februari, halafu akawasha feni, ajue anamlipa TANESCO ili kuhamisha joto alilokwisha kulilipia kwa muuza mkaa.

Jiko banifu, lenye udongo wa kuchoma ndani, linapandisha kiwango hadi asilimia 30 na kuendelea. Udongo haupitishi joto kwa urahisi kama bati, kwa hiyo makaa yanabaki na ukali wao na kuutupa juu kwenye kitako cha sufuria. Bei yake ni ya kawaida na linarudisha hela upesi. Anayeendelea na mkaa lakini hana jiko banifu, kwa kweli simwelewi.

Kuna jambo la hatari ambalo pia ni la hesabu. Kaboni ikiungua kwa hewa ya kutosha inatoa joto lake lote. Hewa ikipungua, sehemu yake inaishia kuwa kaboni monoksaidi, na kaboni iliyoishia hapo imetoa chini ya theluthi moja ya joto lake. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na inaua. Jiko la mkaa lililoingizwa chumbani madirisha yakafungwa, hata makaa yakionekana yamefifia, ni la kutoa nje kabla mtu hajalala.

Hasara kubwa zaidi ya mkaa mnunuzi haioni, imebaki porini. Chukua kilo 100 za kuni kavu: megajouli 1,600. Zipange kwenye tanuru la udongo la kienyeji, na mara nyingi utatoka na kilo 15 hivi za mkaa, yaani megajouli 450. Zile 1,150 zimeondoka na moshi, gesi na joto huko Handeni kabla gunia halijashonwa. Jiko la bati linapitisha 90. Kwa hiyo katika kila megajouli 100 zilizokuwa kwenye mti, hata 6 hazifiki kwenye maharage. Ajabu ni kwamba kuni zilezile zingechomwa moja kwa moja kwenye mafiga, ambayo ni mabaya, yenye ufanisi wa asilimia 10 hadi 15, sufuria ingepata 160 hadi 240. Moshi wa kuni ndio unaomfanya mtu wa mjini akimbilie mkaa, na moshi huo kweli unaua mapafu. Ila anayesema mkaa unabana matumizi ya miti kuliko kuni amepindua hesabu.

Gesi: hasara zake zinaonekana

Jiko la gesi la kawaida linaingiza sufuriani asilimia 50 hadi 60, nitatumia 55. Kilo moja inakupa megajouli 25 za kweli. Faida yake kubwa, na hii haiandikwi kwenye mtungi, ni kitufe. Maharage yakichemka unapunguza moto hadi unabaki kidogo tu, na chungu chetu kinamalizika kwa kama gramu 100 za gesi. Mkaa hauna kitufe. Unaweza kuziba mlango wa jiko kwa majivu, lakini makaa yaliyokwisha kushika yataendelea kutoa joto upende usipende, na wali ukiiva kabla ya mkaa kuisha, kilichobaki unakipa upepo.

Upepo nao ni adui wa gesi. Nyumba nyingi zetu zinapikia barazani, na upepo wa baharini ukiingia alasiri unausukuma moto pembeni mwa sufuria. Kinga ya bati pande mbili inatosha, mradi usiuzungushie mtungi. Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria inapata masizi, gesi haiungui yote, safisha matundu.

Mtungi unaotumika kwa muda mrefu huwa baridi ukiugusa. Gesi iliyo ndani ni kimiminika, na ili igeuke hewa inahitaji joto kama maji yanavyolihitaji ili yawe mvuke. Inalichukua kwenye chuma cha mtungi. Mtungi wa baridi si dalili kwamba gesi imechakachuliwa. Ukiwa na shaka, pima kwa mizani kabla ya kuondoka dukani: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Na kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini. Mtungi usikae shimoni wala chumba kisicho na upenyo wa hewa chini.

Umeme: Pangani hadi kwenye soketi

Mkoa wetu una bahati ya kuuona umeme ukizaliwa. Mto Pangani unazungusha mitambo ya Hale, megawati 21, tangu miaka ya 1960, na mbele yake Pangani Falls, megawati 68, iliyoanza miaka ya 1990. Maji yaliyo juu yana nishati ya kimo. Yakishuka inakuwa ya mwendo. Rota inaipokea, jenereta inaigeuza umeme. Si kwamba uniti yako inatoka Hale moja kwa moja. Gridi ni moja, imechanganya maji ya Rufiji, ambako Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, na gesi asilia ya kusini. Mitambo ya maji inageuza kama tisa ya kumi ya nishati ya maji kuwa umeme. Ya gesi inapoteza nusu au zaidi kama joto. Njiani nyaya nazo zinakula sehemu yake.

Maji yanayoanguka yanaonekana yana nguvu za kutisha, lakini ukihesabu yanashangaza kwa udogo. Kupata uniti moja kwenye anguko la mita 100, inabidi lita 4,000 hivi zipite. Kilo moja ya mkaa ina nishati ya uniti 8 na kitu. Ili mto utoe kiasi hichohicho, lita 34,000 lazima zianguke mita 100: maboza zaidi ya matatu ya lita 10,000. Yote hayo kwa kilo moja ya vipande vyeusi ambavyo jiko la bati linatupa asilimia 80 ya joto lake.

Ndani ya nyumba umeme ndio wenye hasara ndogo. Jiko la sahani linaingiza kama asilimia 70, mradi kitako cha sufuria kiwe bapa. Sufuria zetu za alumini zilizobonyea zinagusa sahani sehemu chache, na joto lililobaki linakwenda hewani. Sahani ya chuma inahifadhi joto, kwa hiyo izime dakika chache kabla. Birika la umeme na jiko la presha la umeme vinafika asilimia 85 hivi, kwa kuwa kinachopasha moto kiko ndani au kimeshikana na chungu. Majiko ya induksheni, yanayopasha kitako cha sufuria kwa nguvu ya sumaku, yana ufanisi huo pia, lakini hayakubali alumini. Kabla ya kununua, jaribu sumaku kwenye sufuria zako. Zisiposhika, andaa hela ya sufuria mpya.

Kwenye jiko la presha la umeme, chungu chetu cha maharage kinahitaji kama theluthi moja ya uniti. Soma tena. Kwenye jiko la bati, mtu anaweza kumaliza kilo nzima ya mkaa kwa maharage hayohayo, megajouli 30, wakati umeme umetumia 1.2.

Hesabu ya hela

Bei zinapanda na kushuka, kwa hiyo shika uwiano. Joto ambalo kilo moja ya gesi inaliingiza sufuriani ni sawa na la kilo 4 na kidogo za mkaa kwenye jiko la bati, au kilo 2.8 kwenye jiko banifu, au uniti 10 kwenye jiko la sahani. Tuseme mkaa kwenu ni shilingi 1,000 kwa kilo. Mwenye jiko la bati atanufaika na gesi ikiwa kilo yake haizidi shilingi 4,200. Mwenye jiko banifu, ikiwa haizidi 2,800. Huo ni mfano. Weka bei ya mtaani kwako. Tatizo ni kwamba mkaa unauzwa kwa kopo na kopo halina kilo. Azima mizani siku moja, pima kopo la muuzaji wako. Wengine watashangaa, hasa ukipima mkaa ulionyeshewa, maana maji yanauzwa kwa bei ya mkaa.

Upande wa umeme kuna mtego. Mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, hadi uniti 75 kwa mwezi, anatozwa bei ya chini. Familia inayomaliza mtungi wa kilo 6 kwa mwezi, ikihamia jiko la sahani kwa kila kitu, itatumia uniti 60 kwa kupika peke yake. Ongeza friji na taa, umevuka. Kwa hiyo aliye kwenye kundi la bei ya chini asihamishe mapishi yote. Ahamishe yale ambayo umeme unayashinda mengine kwa mbali, maharage, makande, supu ya kongoro, maji ya chai. Hivyo anabaki chini ya mstari.

Chakula gani, jiko gani

Chapati, vitumbua na samaki wa kukaanga vinataka moto mkali wa kurekebisha upesi. Hapo gesi haina mpinzani, na jiko la presha halikusaidii kitu.

Wali wa nazi ni habari nyingine. Kupalia makaa juu ya mfuniko si mapambo. Wali ukikaukiwa maji, joto la chini peke yake linaunguza kitako na kuacha juu kibichi. Makaa ya juu yanashusha joto kwa kung'aa, kama jua linavyotupasha, na punje za juu zinamalizika bila kuguswa na moto. Mkate wa kumimina unategemea hilohilo. Gesi haipalii. Kwa kazi hizo ningebaki na jiko banifu dogo na kiasi kidogo cha mkaa, au vifuu vya nazi, ambavyo tayari viko uani na vinatoa makaa mazuri.

Halafu kuna jiko lisilotumia moto kabisa, na ndilo ninalolipenda kuliko yote: kapu. Chukua kapu pana la ukindu, lijaze sufi au mablanketi makuukuu, chemsha chakula, kifunike, kitie humo na ukizibe juu. Joto lililokwisha kuingia halitoki, na wali au ndizi zinaiva zenyewe. Akili hiyohiyo imetumika kwenye bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani: mafuta yale huganda yakipoa, hivyo bomba limefunikwa kuzuia joto na linapashwa moto njiani. Kwa maharage mekundu, yachemshe kwa nguvu dakika 10 kamili kabla ya kuyatia kapuni, kwa sababu yana sumu ambayo joto la chini haliiondoi.

Kwa mpangaji anayeshiriki mita na wenzake Ngamiani, ufanisi wa asilimia 85 haumsaidii kama kila jioni kuna ugomvi wa nani kamaliza uniti. Huyo anunue gesi ya kilo 6 na atengeneze kapu. Mamalishe wa stendi ya Kange anayechemsha maharage kila alfajiri ndiye atakayerudisha hela ya jiko la presha mapema kuliko sisi sote, ilimradi abaki na gesi kwa siku umeme unapokatika. Mwenye mita yake na friji, jiko la presha kwanza, gesi ya pili, mkaa wa wali.

Ukiingia kwenye umeme, angalia waya kabla ya jiko. Chombo cha wati 2,000 kwenye volti 230 kinavuta karibu ampea 9, na ekstensheni nyembamba za dukani hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Ukiigusa ukahisi joto, hizo ni uniti zako zinazopikia plastiki, na moto wa nyumba huanzia hapo. Chomeka ukutani moja kwa moja. Jioni mtaa mzima ukiwasha, volti zikashuka hadi 200, jiko lako la sahani linabaki na robo tatu tu ya nguvu yake, kwa kuwa nguvu inashuka kwa mraba wa volti. Chakula kitachelewa, jiko ni zima. Maharage yapike saa nane mchana.